Kutoka Mbegu hadi Dumu: Namna ya Kupima Ahadi za Kuongeza Mafuta ya Mawese

Mkoa wa Kigoma umeahidiwa kwa miaka mingi kwamba utailisha nchi mafuta ya kula. Ahadi hiyo ilipata nguvu mpya Julai 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza akiwa mkoani humo kwamba mchikichi unaingizwa katika mazao ya kimkakati, pamoja na pamba, kahawa, chai, korosho na tumbaku. Kituo cha Kihinga, kilichopo Simbo nje kidogo ya mji wa Kigoma, kilikabidhiwa kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ili kizalishe mbegu bora za zao hilo. Tangu hapo yametangazwa malengo ya mamilioni ya mbegu na miche, ya mashamba mapya ya wakulima, ya JKT Bulombora na ya Gereza la Kwitanga, pamoja na viwanda vya kukamua.

Sababu ya ahadi hizo ni ya haki. Kipindi zilipotolewa, Tanzania ilikadiriwa kuhitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, huku ikizalisha takriban tani 205,000 tu. Pengo la tani 365,000 lilizibwa na mafuta ya nje, sehemu kubwa yakiwa mawese ya Malaysia na Indonesia, kwa gharama ya mamia ya mabilioni ya shilingi. Nchi yenye ardhi, watu na mti wenyewe haina sababu ya kuridhika na hali hiyo.

Hata hivyo, umuhimu wa lengo hauthibitishi kwamba litafikiwa. Mkulima anayeambiwa ang'oe mihogo apande michikichi, na mama wa Kasulu anayeambiwa bei ya mafuta itashuka, wana haki ya kuuliza mafuta hayo yatatoka wapi, lini, na kwa njia gani. Sura hii inaeleza namna ya kuuliza maswali hayo kwa kufuata safari ya mafuta hatua kwa hatua, kuanzia mbegu hadi dumu.

Hesabu ya pengo

Hatua ya kwanza ni kuigeuza ahadi kuwa eneo la ardhi na idadi ya miti. Aina ya michikichi iliyozoeleka Kigoma, iitwayo Dura, hutoa takriban tani 1.6 za mafuta kwa hekta kwa mwaka. Mbegu chotara ya Tenera, inayozalishwa Kihinga, hutajwa kutoa tani 4 au zaidi ikitunzwa ipasavyo. Kwa kiwango hicho cha juu, kuziba pengo la tani 365,000 kunahitaji hekta zipatazo 91,000 za michikichi iliyokwisha komaa. Hekta moja huchukua miti 143 ikipandwa kwa nafasi ya mita tisa kwa mtindo wa pembetatu. Kwa hiyo inatakiwa miti hai milioni 13, yote ikiwa katika umri wa kuzaa sana.

Mashamba ya wakulima wadogo, yenye mbolea haba na palizi inayochelewa, hayafikii kiwango cha kituo cha utafiti. Mavuno yakiwa tani 2.5 kwa hekta, eneo linalohitajika hupanda hadi hekta 146,000 na miti karibu milioni 21. Mavuno yakibaki yale ya Dura, zinahitajika hekta 228,000. Pengo lenyewe nalo halisimami mahali pamoja, kwa kuwa watu wanaongezeka kila mwaka na mahitaji yanapanda pamoja nao. Ahadi yoyote isiyotaja mavuno kwa hekta, umri wa miti na eneo lililopandwa haijasema kiasi cha mafuta, hata kama imetaja mbegu milioni nyingi.

Muda wa mti

Mchikichi hauna haraka. Mbegu yake imefungwa ndani ya ganda gumu, na ikiachwa ardhini huweza kukaa miezi mingi bila kuota. Kwenye vituo vya kuzalisha mbegu huwekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi kwa siku 60 hadi 80, kisha hulowekwa, ndipo kiini kichipue. Mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, kwanza kwenye kiriba kidogo na baadaye kwenye kikubwa. Mtaalamu wa kitalu huondoa miche iliyodumaa, yenye majani yaliyojikunja au iliyorefuka kupita kiasi. Si ajabu robo ya miche ikaachwa hapo. Anayehesabu kila mbegu iliyotoka kituoni kuwa mti mmoja shambani amekosea hesabu kabla mche haujaondoka kivulini.

Baada ya kupandwa shambani, mti huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mikungu ya kwanza huwa midogo, na kilele cha mavuno hufikiwa mti ukiwa na miaka saba hadi kumi. Mbegu iliyooteshwa mwaka 2019 na mche wake kupandwa mvua za mwishoni mwa 2020 haiwezi kutoa mafuta ya maana kabla ya 2024, na nguvu yake kamili itaonekana kuelekea 2030. Anayeahidi mageuzi ya mafuta ndani ya miaka mitatu kutokana na miche iliyo kitaluni anaahidi jambo ambalo mti wenyewe hauwezi kulitimiza.

Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo hatari zaidi. Mkulima hupanda mahindi na maharage katikati ya miche, jambo jema kwa chakula cha nyumbani. Lakini kiangazi kikifika, moto unaowashwa kusafisha mashamba au kutafuta majani mapya ya malisho huteketeza shamba changa kwa mchana mmoja. Ng'ombe na mbuzi wasiochungwa hula majani ya miche, na panya hutafuna shina laini karibu na ardhi. Takwimu za ugawaji wa miche hazionyeshi lolote kati ya hayo. Kinachoonyesha ni kuhesabu miti iliyo hai miaka miwili baada ya kupandwa, kazi ambayo afisa ugani anaweza kuifanya kwa kutembea shambani akiwa na daftari.

Ganda la chikichi

Mbegu yenyewe inahitaji kukaguliwa. Chikichi ikikatwa katikati kwa kisu kikali huonyesha tabaka tatu: nje nyama yenye nyuzi na mafuta mekundu, kisha ganda, na ndani kiini ambacho Kigoma huitwa mise. Dura ina ganda nene, la milimita 2 hadi 8, na nyama kidogo. Tenera ina ganda jembamba lililozungukwa na duara la nyuzi nyeusi, na nyama nyingi zaidi. Aina ya tatu, Pisifera, haina ganda kabisa, lakini miti yake mingi huangusha mikungu kabla haijaiva.

Uhusiano wa aina hizo tatu ulifafanuliwa Yangambi, nchini Kongo, na watafiti Beirnaert na Vanderweyen katika chapisho la mwaka 1941. Walionyesha kwamba unene wa ganda hutawaliwa na kirithi (jeni) kimoja: ua la Dura likichavushwa kwa chavua ya Pisifera, mbegu zote huwa Tenera. Ndiyo maana uzalishaji wa mbegu bora hufanyika kwa mkono. Ua jike hufungwa mfuko kabla halijafunguka, kisha chavua iliyochaguliwa hupulizwa ndani.

Ugunduzi huohuo unabeba onyo kwa mkulima. Mbegu zilizookotwa chini ya mti wa Tenera na kuoteshwa nyumbani hazirudi kuwa Tenera zote. Miti ya Tenera ikichavushana, robo ya watoto huwa Dura, nusu Tenera, na robo Pisifera zisizozaa vizuri. Miti hiyo ikichavushwa na Dura za jirani, nusu ya watoto hurudi kuwa Dura. Kitalu cha mtaani kinachouza miche ya bei nafuu kutokana na mbegu za namna hiyo kinamuuzia mkulima miaka 25 ya mavuno hafifu, na hasara hiyo haitajulikana hadi mti uanze kuzaa. Kwa sababu hiyo, ahadi ya kuongeza mafuta huanza na uthibitisho wa chanzo cha kila mche, na kijiji kina haki ya kuuona uthibitisho huo kabla ya kuchimba mashimo.

Mvua na mwinuko

Mchikichi ni mti wa nchi yenye joto na mvua nyingi. Hustawi zaidi penye mvua ya milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka, isiyokatika kwa muda mrefu. Kigoma hupata takriban milimita 1,000, na kati ya Juni na Septemba mvua huwa karibu hakuna. Mti haufi kwa ukame huo, lakini hupunguza mikungu. Jinsia ya ua huamuliwa karibu miaka miwili kabla ya mavuno, na mti uliokaukiwa huelekea kutoa maua dume, ambayo hayazai. Ukame wa mwaka huu unaweza kuonekana kwenye dumu la mwaka ujao au la mwaka unaofuata. Mavuno ya tani 4 kwa hekta yaliyopimwa penye maji ya kutosha hayapaswi kuhamishiwa kwenye kilima kisicho na umwagiliaji, kisha yakaandikwa kuwa ndiyo matarajio.

Joto nalo lina mpaka wake. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na michikichi mingi ya mkoa iko kwenye ukanda wa ziwa na mabonde ya chini. Heru Juu, makao ya kale ya Mwami wa Heru, iko kwenye nyanda za juu za Kasulu zinazozidi mita 1,200, kwenye ubaridi unaoifaa migomba, maharage na kahawa. Usiku wa baridi hupunguza kasi ya ukuaji wa mchikichi na kuchelewesha mikungu kuiva. Kadiri mtu anavyopanda kutoka ziwani kuelekea Kasulu na Kibondo, ndivyo ahadi ya mavuno makubwa inavyohitaji ushahidi zaidi.

Ushahidi huo unaweza kutafutwa, kwa sababu mti wa Kigoma una sifa yake. Mbegu zilizokusanywa Kigoma zilichanganywa nchini Costa Rica na aina ya Ekona kutoka Kamerun, na kupatikana chotara inayovumilia baridi, iitwayo Tanzania × Ekona. FAO ilihimiza aina za namna hiyo zijaribiwe katika nyanda za juu za Afrika, ikiwemo magharibi ya Kenya. Wenyeji wa Heru Juu wanaweza kudai mashamba ya majaribio ya aina zinazovumilia baridi, yakae miaka sita au saba chini ya macho yao, kabla ya yeyote kuwahimiza wapande kwa wingi. Hadi majaribio hayo yatoe jibu, shamba la kahawa na maharage linalolisha familia lina thamani kubwa kuliko mchikichi ambao haujulikani utazaa kiasi gani kwenye mwinuko huo.

Kinu, barabara na mafuta yanayopotea

Mkungu uliovunwa bado si mafuta. Kwa njia ya kienyeji, mkwezi hupanda mti mrefu kwa kamba, hukata mkungu, na chikichi huachwa siku kadhaa zilegee ili zichomoke kwa urahisi. Kisha huchemshwa kwenye pipa, hupondwa kinuni au kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, na mafuta huenguliwa juu ya maji ya moto. Kazi hiyo, inayofanywa zaidi na wanawake, hula kuni nyingi na huacha sehemu kubwa ya mafuta kwenye makapi. Chikichi zilizokaa muda mrefu huongeza asidi katika mafuta, na mafuta ya namna hiyo hukataliwa na viwanda vya kusafisha au hununuliwa kwa bei ya chini.

Kiwanda kizuri hupata kilo 20 hadi 22 za mafuta kutoka kila kilo 100 za mikungu ya Tenera, mradi ikifikishwa ndani ya siku moja au mbili baada ya kukatwa. Kukamua kwa kienyeji kunaweza kutoa nusu tu ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kwenye vijiji vingi kuboresha ukamuaji kunaweza kuleta mafuta zaidi, tena mapema zaidi, kuliko kusubiri miche mipya ikue. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limekuwa likitengeneza mashine ndogo za kukamua mawese. Ahadi inayozungumzia mbegu bila kuzungumzia mashine, kuni, maji safi na barabara inayopitika masika imeacha nje mafuta yaliyo karibu zaidi kupatikana.

Bei na ushuru

Mkulima hupalilia na kuweka mbolea iwapo bei inalipa. Bei ya mawese Kigoma huongozwa na bei ya Asia pamoja na ushuru wa forodha. Katika bajeti ya 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mzalishaji wa ndani. Lakini ushuru hujadiliwa upya kila Juni, na mlaji anapolia bei ni kali, shinikizo la kuupunguza huwa kubwa. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza na Indonesia kuzuia kwa muda usafirishaji wa mawese kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei, bei ilipanda dunia nzima. Msimu uliofuata wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma walishuhudia bei ya zao lao ikiporomoka huku mafuta ya nje yakiwa tele sokoni.

Alizeti hupandwa na kuvunwa ndani ya miezi michache, hivyo mkulima aliyeumia anaweza kubadili zao msimu ujao. Aliyepanda mchikichi amefunga ardhi yake kwa miaka 25. Sera ya ushuru inayobadilika kila mwaka haiwezi kuhimili zao linaloweza kuchukua hadi miaka kumi kufikia kilele, na ahadi ya uzalishaji isiyo na ahadi ya bei ni nusu ya ahadi.

Mifano ya waliotimiza na waliochelewa

Husemwa mara nyingi kwamba Malaysia ilitajirika kwa mbegu zilizochukuliwa Kigoma. Kumbukumbu zinaonyesha vingine. Michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki ilitokana na miche minne iliyopandwa Bogor, Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara la Malaya lilianzishwa Selangor na Henri Fauconnier mwaka 1917. Ni kweli watafiti wa Malaysia walikuja kukusanya mbegu Tanzania mwaka 1986, lakini wakati huo nchi yao ilikuwa tayari inaongoza duniani kwa mawese. Kilichoifikisha huko ni kazi ya miongo mingi. Shirika la FELDA, lililoundwa 1956 kuwagawia ardhi wakulima wadogo, lilianza kupanda michikichi 1961, na vinu na barabara vikajengwa pamoja na mashamba. Mwaka 1981 ukaletwa kutoka Kamerun mdudu anayechavusha maua ya mchikichi, na mavuno yakaongezeka.

Mfano wa karibu zaidi ni kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, Uganda. Mradi uliosaidiwa na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukilenga takriban hekta 10,000, zikiwa za kampuni na za wakulima wadogo waliopewa mikopo. Mavuno ya kwanza ya wakulima yalipatikana kuanzia 2010, zaidi ya miaka kumi baadaye. Ahadi hiyo ilitimia kwa sababu kisiwa kina mvua ya takriban milimita 2,000, kinu kilijengwa Bwendero, na mnunuzi alijulikana kabla mti haujazaa. Pamoja na hayo, msitu wa asili ulikatwa na baadhi ya familia zikalalamikia ardhi yao. Gharama ya namna hiyo inapaswa kuandikwa ndani ya ahadi tangu mwanzo.

Mafuta ya petroli nayo yana fundisho. Uganda ilitangaza mwaka 2006 kugundua mafuta Ziwa Albert, na uzalishaji wa awali ukatarajiwa 2009. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, pamoja na bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, ulifikiwa Februari 2022. Lengo la 2025 likasogezwa hadi 2026. Katikati ya 2022 nchi za OPEC na washirika wake ziliahidi kuongeza mapipa 648,000 kwa siku, ilhali kwa pamoja zilikuwa chini ya viwango vyao vya zamani kwa zaidi ya mapipa milioni mbili. Wanachama kama Nigeria na Angola hawakuwa na uwezo wa kufikia hata kile walichoruhusiwa. Kwenye kisima kama kwenye shamba, kiwango kilichotangazwa hakilingani na uwezo uliopo.

Maswali ya kijiji

Mambo yote yaliyoelezwa yanaweza kufupishwa kuwa maswali saba yanayofaa kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji, kwenye baraza la madiwani au bungeni. Je, miti mingapi iko hai leo, na ina umri gani? Mbegu yake ilitoka wapi, na nani amethibitisha? Mavuno yaliyotajwa yalipimwa shamba gani, kwa mvua na mwinuko upi? Mikungu itafikishwa kinu kipi ndani ya siku mbili? Nani atanunua, kwa kanuni gani ya bei? Ushuru utabaki ulivyo kwa miaka mingapi? Familia itakula nini katika miaka minne ya kwanza?

Mtoa ahadi mwenye majibu hayo anastahili ardhi, nguvu na uvumilivu wa wananchi. Asiye nayo aombwe kwanza ayatafute, na takwimu zitolewe kila mwaka kwa tani za mafuta yaliyokamuliwa badala ya mbegu zilizogawiwa. Mashaka ya namna hii hayaupingi mchikichi wala hayampingi anayeupanda. Yanamkinga mkulima asibebe peke yake gharama ya makisio ya wengine, na yanaisaidia serikali kupeleka fedha pale penye upungufu wa kweli, iwe ni kwenye mbegu, maji, barabara au kinu.